Kudhibiti au Kuratibu? Uhakiki wa Istilahi za Jeni, Uumbikaji na Mageuko

Hivi karibuni tuliletewa mswada wa tafsiri ya kitabu cha elimu ya viumbe, kilichokusudiwa kuwasaidia walimu, ili tuukague kwa upande wa istilahi. Kwa jumla kazi ilikuwa nzuri: lugha ilitiririka, sarufi ilishikwa barabara, na mfasiri hakukimbilia kukopa kila alipokwama. Lakini tulipofika katika sura ihusuyo urithi na asili ya maumbo ya viumbe, tulikutana na sentensi hii: "Udhibiti wa jeni wakati wa maendeleo ndio uletao mageuzi ya tabia za viumbe." Mwalimu mmoja aliyealikwa katika kikao cha ukaguzi aliisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ndugu zangu, hii ni sayansi au ni hotuba?" Tulicheka sote. Baada ya kicheko tuliona kuwa swali lile lilikuwa la haki, na kwamba hatukuwa na jibu jepesi la kumpa.

Sentensi ile haina neno hata moja lisilo la Kiswahili fasaha. Udhibiti, maendeleo, mageuzi, tabia: yote ni maneno mazuri, tena yamezoeleka mno. Na hapo ndipo penye kasoro. Kila moja limekulia katika kazi nyingine, kwenye ofisi, kwenye mikutano au katika malezi ya watoto, na linapoingia katika sayansi huja na mazoea ya huko lilikotoka. Msomaji asiyejua jambo lenyewe hulielewa kwa mazoea hayo, na hivyo huelewa jambo jingine kabisa.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mfasiri. Neno udhibiti hakulibuni yeye, bali alilitoa katika orodha tuliyoisambaza sisi wenyewe tukiamini kuwa limetosha. Kwa hiyo uhakiki huu unaanzia nyumbani. Tumekusudia kuyapima maneno hayo manne kwa kuyalinganisha na yale ambayo sayansi imekwisha yathibitisha, na kupendekeza mengine pale tunapoona yanafaa.

1. Jambo lenyewe

Haifai kutafuta jina la kitu kabla ya kukijua kitu chenyewe. Karibu kila seli ya mwili wa mtu ina DNA ile ile. Seli ya ini na seli ya mfupa zina jeni zile zile, zilizotokana na yai moja lililotungishwa. Tofauti kati ya ini na mfupa haitokani na jeni ambazo kila seli inazo, bali inatokana na zile zinazotumika: zipi zinasomwa, wapi, lini, na kwa kiasi gani. Sehemu ya DNA ya binadamu inayotoa maelezo ya kutengeneza protini haizidi mbili kwa mia. Katika sehemu kubwa inayobaki kuna vipande vingi vidogo ambavyo kazi yake ni kuamua matumizi ya jeni.

Mwaka 1975 wataalamu wawili waliofanya kazi Marekani, Mary-Claire King na Allan Wilson, walilinganisha protini za binadamu na za sokwe mtu. Waliona kuwa kwa wastani zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Tofauti ndogo kama hiyo haikutosha kueleza tofauti kubwa ya maumbo na mienendo kati ya viumbe hao wawili. Wakapendekeza kuwa sababu kubwa itafutwe katika mabadiliko ya namna jeni zinavyotumiwa, si katika mabadiliko ya protini zenyewe. Utafiti uliofuata umelipa pendekezo lile nguvu kubwa.

Isidhaniwe kuwa mageuko yote huja kwa njia hiyo. Tunao mfano wa selimundu, ambao kila mwalimu wa sayansi katika nchi zetu anaujua. Huko kilichobadilika ni jeni yenyewe: kiungo kimoja katika protini ya damu, hemoglobini, kimepokewa na kingine. Anayerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayelirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Hapo protini yenyewe ni nyingine. Katika mifano mingine tutakayoitoa hapa chini, protini imebaki ile ile, na kilichobadilika ni mahali au wakati wa kuitengeneza. Istilahi njema ni ile itakayomwezesha mwanafunzi kuzitenga njia hizi mbili. Istilahi za mswada wetu hazimwezeshi.

2. Udhibiti

Katika matumizi ya Kiswahili, kudhibiti ni kukishika kitu kisizidi mpaka wake au kisiponyoke. Serikali ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kila mtumishi wa umma anajua kuwa jina hilo linahusu fedha kutotoka ovyo. Mabasi yamewekewa vidhibiti mwendo, na kila abiria anajua kuwa kifaa hicho kinaweza kulizuia basi lisikimbie mno, lakini hakiwezi kuliondoa kituoni. Polisi hudhibiti fujo, mganga hudhibiti kipindupindu. Kwa hiyo msomaji anaposoma "udhibiti wa jeni", picha inayomjia ni ya jeni zenye fujo zinazotakiwa kutulizwa.

Tukiri kwamba picha hii ina chanzo chake katika historia ya elimu hii. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, katika Taasisi ya Pasteur huko Paris, walieleza jinsi bakteria wa utumbo wanavyotumia sukari ya maziwa, yaani laktosi. Bakteria hawa hawatengenezi kwa wingi kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo isipokuwa inapopatikana. Pasipo laktosi, protini fulani hukaa juu ya DNA na kuziba njia ya kusomea jeni. Laktosi inapoingia na kubadilishwa kidogo ndani ya seli, hunasa kwenye kizuizi hicho, nacho huachia. Kazi hii ilikuwa miongoni mwa zilizowapatia wao, pamoja na André Lwoff, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965. Kwa hatua hii ya kwanza, neno udhibiti linafaa kabisa, kwani kizuizi hudhibiti.

Lakini hata katika bakteria yule mdogo kuondoa kizuizi hakutoshi. Ili jeni isomwe kwa wingi, protini nyingine lazima ije kusaidia, nayo huja wakati glukosi, sukari inayopendelewa zaidi, imepungua. Kwa maneno mengine kuna anayezuia na kuna anayehimiza, na matokeo ni jumla ya kazi ya wote wawili. Katika viumbe wenye seli nyingi kazi ya kuhimiza ni kubwa zaidi, kwa kuwa jeni nyingi hukaa kimya mpaka zihimizwe na protini kadhaa kwa pamoja, mahali maalumu na kwa muda maalumu. Neno udhibiti linasema nusu tu ya jambo hili, tena si ile nusu kubwa.

Wapo waliopendekeza kuwasha na kuzima, kama swichi ya umeme. Maneno haya ni mepesi na mwalimu asikatazwe kuyatumia darasani. Ila yana upungufu wake: swichi haina katikati, hali jeni huwa na kiasi. Mfano ulio karibu zaidi ni utambi wa taa ya chemli, unaopandishwa na kushushwa.

Sisi tunapendekeza kuratibu. Kuratibu ni kupanga mambo yafuatane na kupatana: nani afanye nini, wapi, lini, kwa kiasi gani. Ndani yake mna kuhimiza na mna kuzuia. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki ni ndugu wa neno ratiba, na undugu huo bado unasikika masikioni mwa kila msemaji. Uratibu utakuwa jina la utendaji wenyewe. Kiratibu kitakuwa jina la kipande cha DNA kinachoamua jeni isomwe wapi na lini. Protini zinazokuja kutenda juu ya kiratibu zitaitwa kizuizi na kiamshi kwa kadiri ya kazi zake. Hivyo tunapata ukoo mzima wa maneno yanayoelezana, na mwanafunzi akilijua moja, mengine hatayaona mageni.

Mswada ulikiita kipande hicho "kiimarishi". Neno hili ni sahihi kwa kufuata maana ya neno la kigeni, lakini linapotosha kuhusu kazi yenyewe. Kipande hicho hakiimarishi kitu kilicho dhaifu. Bila yeye mara nyingi jeni haisomwi kabisa mahali hapo.

3. Ratiba ya shule na samaki wa miiba mitatu

Ili tuone kuwa neno ratiba linasaidia kweli, na tuchukue shule moja. Ina mwalimu mmoja wa hesabu anayefundisha kidato cha kwanza asubuhi, cha tatu adhuhuri na cha nne jioni. Mwalimu huyu akifukuzwa kazi, vidato vyote vitatu vitaumia. Lakini kikifutwa kipindi kimoja tu cha asubuhi katika ratiba, kidato cha kwanza peke yake ndicho kitakachokosa hesabu. Mwalimu yupo, elimu yake ni ile ile, na vidato vingine havina habari. Jeni nyingi za uumbikaji ni kama mwalimu huyu: moja hutumika mahali pengi mwilini, na kwa kila mahali ina kiratibu chake.

Mfano uliothibitishwa vizuri ni wa samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni, aishiye katika bahari na mito ya nchi za kaskazini. Samaki wa baharini ana pia miiba miwili imara katika nyonga, inayomlinda asimezwe kwa urahisi. Barafu kuu ya kale ilipoyeyuka, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita au zaidi kidogo, baadhi ya samaki hawa walijikuta wamebaki katika maziwa mapya ya maji baridi. (Kwa mara moja Kiswahili kinatutega: hapa tunasema maziwa ya kuvua, tutayafikia ya kunywa baadaye.) Katika maziwa kadhaa yasiyopakana, vizazi vyao vimepoteza miiba ya nyonga.

Wataalamu walipotafuta sababu waliikuta jeni iitwayo Pitx1. Hii ni jeni inayotumika katika kuumba nyonga na viungo vya nyuma, na pia katika taya na katika tezi iliyo chini ya ubongo. Panya waliozalishwa bila jeni hiyo huzaliwa na miguu ya nyuma iliyodumaa, lakini pia na kasoro za taya, nao hufa. Ingalitazamiwa, basi, kuwa samaki asiye na miiba ya nyonga ana kasoro katika protini ya Pitx1. Haikuwa hivyo. Protini yake haikuwa na tofauti na ya samaki wa baharini. Mwaka 2010 kundi la David Kingsley wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kuwa kilichopotea ni kipande cha DNA kilicho nje ya jeni, yaani kiratibu cha nyonga. Samaki wa maziwa mbalimbali walikuwa wamekipoteza kila mmoja kwa wakati wake, na ukubwa wa sehemu iliyokatika haukuwa mmoja. Kisha wataalamu wakamwekea samaki asiye na miiba kiratibu kilichotoka kwa samaki wa baharini, kikiwa kimeunganishwa na jeni ya Pitx1. Miiba ya nyonga ikaota tena.

Hapa mwalimu wa hesabu hakufukuzwa. Kipindi kimoja kimefutwa. Ndiyo maana samaki yule ana taya nzima na anaishi. Na ndiyo maana maumbo ya viumbe yanaweza kugeuka sehemu moja moja bila mwili wote kuharibika: ratiba ina vipindi vingi, na kipindi kimoja chaweza kuhamishwa bila kuvigusa vingine. Jambo hili mwanafunzi hawezi kuliona kupitia neno udhibiti, kwa sababu atauliza ni nani aliyeacha kuidhibiti jeni, na jibu halipo.

4. "Jeni ya jicho"

Kosa la pili tulilolikuta ni la muundo, si la neno. Mswada ulisema mara kwa mara "jeni ya jicho", "jeni ya mguu", "jeni ya urefu", kana kwamba kila kiungo kina jeni yake kama kila nyumba ilivyo na ufunguo wake. Kiambishi kile kidogo cha "-a" unganifu kimebeba mzigo mzito kuliko nguvu zake.

Mwaka 1995 kundi la Walter Gehring huko Basel, Uswisi, lilichukua jeni ya panya inayohitajika katika kuumba jicho, likaifanya itumike katika sehemu za nzi mchanga ambazo kwa kawaida hazioti macho. Macho yakaota mahali pasipo pake, hata miguuni. Lakini yalikuwa macho ya namna gani? Tukiamini kuwa ile ni "jeni ya jicho la panya", tungetazamia jicho la panya. Yaliyoota yalikuwa macho ya nzi, yenye vijicho vingi vidogo vilivyopangwa pamoja. Jeni ya panya haikuleta jicho ndani yake. Ilitoa ishara ya kuanza kazi, na jeni za nzi zikaifanya kazi hiyo kwa ratiba ya nzi.

Kwa hiyo tunashauri mfasiri aandike "jeni inayohusika katika kuumbika kwa jicho", au kwa ufupi "jeni husishi ya jicho" pale nafasi inapobana. Najua itasemwa kuwa huku ni kurefusha. Sisi twasema urefu wa maneno matatu si kitu ukilinganisha na madhara ya kumfanya kijana aamini kuwa akili, ujasiri au ukoo wa mtu umewekwa katika kijichembe kimoja. Imani ya namna hiyo imewahi kutumiwa kuwatenga watu, na lugha isiifungulie mlango kwa uzembe.

5. Maendeleo, mageuzi na tabia

Neno maendeleo kwa wasemaji wetu ni barabara, zahanati, shule na maji safi. Ni kusonga mbele kutoka hali duni kwenda hali bora. Kiinitete kinapopata mikono na miguu hakisongi mbele kutoka ushamba kwenda ustaarabu. Wengine hutumia ukuaji, nalo ni neno zuri lakini hueleza kuongezeka kwa kimo na uzito tu. Mtoto hukua, kiinitete hukua na pia hupata umbo ambalo hakuwa nalo. Kiswahili tayari kina kitenzi cha jambo hili, nacho ni kuumbika. Twasema "mimba imekwisha umbika" na kila mzazi huelewa. Hofu ya baadhi ya walimu kwamba neno hili litaingia katika mambo ya dini hatuioni kuwa na msingi mkubwa. Kuumba ni kitendo chenye mtendaji, na neno hilo libaki mahali pake. Kuumbika ni hali ya kitu kupata umbo, wala halisemi kwa uwezo wa nani. Muumini na asiye muumini wanaweza kulitumia katika darasa moja bila kugombana.

Sarufi hiyo hiyo inatuamulia kati ya mageuzi na mageuko. Mageuzi yametokana na kugeuza: yupo anayegeuza na kipo kinachogeuzwa. Ndiyo maana twasema mageuzi ya elimu au ya siasa. Mageuko yametokana na kugeuka. Samaki wetu hakujigeuza, wala hakuna aliyekaa akaamua kumwondolea miiba. Kiratibu kilipotea kwa bahati katika baadhi yao, nao katika mazingira yale wakazaa na kuenea. Atumiaye mageuzi humpa mwanafunzi mtendaji asiyekuwepo.

Tabia, mwisho, ni mwenendo wa mtu. Hatusemi kuwa rangi ya macho ni tabia njema au mbaya. Neno sifa lina mawanda mapana zaidi na halimhukumu mtu, basi tunaona lifae. Umuhimu wa kuchagua neno lisilohukumu unaonekana vizuri katika mfano wa maziwa, yaani yale ya kunywa.

6. Maziwa: ugonjwa au ratiba?

Kila mtoto mchanga, isipokuwa wachache mno, huzaliwa akitengeneza kimeng'enya cha laktasi, kinachovunja sukari ya maziwa. Katika mamalia karibu wote, utengenezaji huu hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Ndivyo ilivyo pia kwa watu wazima wengi duniani, kiasi cha theluthi mbili. Hao wakinywa maziwa mabichi mengi huumwa na tumbo. Wachache waliobaki huendelea kutengeneza laktasi maisha yao yote.

Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha kuwa kwa watu wa asili ya Ulaya sifa hii ya pili inaambatana na badiliko la herufi moja ya DNA, kiasi cha herufi 14,000 mbali na mwanzo wa jeni ya laktasi. Lakini badiliko hilo halikutosha kueleza wafugaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Walikuta mabadiliko mengine matatu, yaliyo karibu sana na lile la Ulaya lakini yasiyo lile. Moja limeenea hasa miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, na umri wake unakadiriwa kuwa ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita. Jingine linapatikana kwa wingi pia Arabuni. Jeni ya laktasi yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni kiratibu chake: ratiba iliyokuwa ikisema "mpaka kuachishwa ziwa" sasa inasema "siku zote". Na ratiba hiyo imebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa watu mbalimbali, mahali ambapo ng'ombe au ngamia alikamuliwa.

Sasa tazama lugha inavyofanya kazi. Tumeona kijitabu cha lishe kilichowaeleza watu wazima wasioyaweza maziwa kuwa wana "ugonjwa wa upungufu wa kimeng'enya". Kwa maneno hayo mganga wa kijijini atawahesabu kuwa wagonjwa watu ambao miili yao inafuata ratiba ya kale ya mamalia karibu wote. Na mgawaji wa chakula cha msaada atadhani kuwa maziwa ya unga yawafaa wote, ila wachache walio na kasoro. Ukweli ni kinyume chake: kwa hesabu ya dunia, hali ya hao wanaoitwa wagonjwa ndiyo ya kawaida. Lau kijitabu kile kingeandika kuwa "kwa watu wengi, uratibu wa jeni ya laktasi huishia utotoni", kisingekuwa kirefu zaidi, na kingesema kweli.

7. Pingamizi

Tumesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba neno udhibiti limekwisha chapishwa, na kulibadilisha kutawachanganya walimu. Pingamizi hii ni nzito, maana istilahi zinazobadilishwa kila mara hazimnufaishi mtu. Jibu letu ni kwamba usanifu ni uthabiti, lakini si uthabiti katika kosa. Yafaa udhibiti uachwe kwa ile kazi ya kuzuia, na kwa muda fulani vitabu viandike "uratibu (zamani: udhibiti)" ili anayesoma kitabu cha zamani asipotee.

Pingamizi ya pili inagusa kiini cha hoja yetu. Imesemwa kuwa uratibu nao unamwita mratibu, na kwamba tumemwondoa askari tukamweka karani. Twakiri kuwa hakuna neno la utendaji lisilo na harufu ya binadamu, kwani lugha imetengenezwa na binadamu. Lakini ngeli zetu zinatusaidia. Mratibu ni mtu. Kiratibu ni kitu. Na ratiba, ikishabandikwa ukutani, huongoza shule nzima hata siku ambayo aliyeiandika hayupo. Kwa hiyo neno hili, ijapokuwa halijakamilika, linapotosha kidogo kuliko lile lililotangulia.

Tukirudi kwenye ile sentensi ya mswada, tungependa isomeke hivi: "Jinsi jeni zinavyoratibiwa wakati kiumbe kinapoumbika huchangia sana mageuko ya sifa zake." Tulimpelekea mwalimu yule sentensi hii. Alijibu kuwa sasa ni sayansi, ila akauliza kama wanafunzi wake watalijua neno kiratibu. Tulimwambia kuwa hawatalijua siku ya kwanza, lakini ratiba wanaijua, na kwamba njia kutoka ratiba hadi kiratibu ni fupi.

Mapendekezo haya bado hayajawa sanifu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika wayajaribu katika kazi zao, kisha watuandikie: wapi yamewasaidia, wapi yamekwama, na kama wapo wasemaji wa pwani au wa bara wenye neno bora zaidi la kazi ya kiratibu. Maoni hayo tutayapeleka mbele ya kamati kabla orodha mpya haijachapishwa, ili safari hii kosa lisitoke tena mezani petu.